Siku ya Kuosha Nywele na Daftari la Hesabu

Kuosha kichwa cha mtoto mwenye nywele nene za kipilipili, tangu kufumua misuko hadi kusokota twisti ya mwisho, ni kazi ya saa mbili, na nywele zikiwa ndefu inafika tatu. Siku za shule hazina nafasi hiyo, kwa hiyo kazi husogezwa hadi mwisho wa wiki, na mwisho wa wiki ndipo daftari la hesabu nalo hukumbukwa. Mambo mawili hukutana mahali pamoja: mtoto kakaa chini kati ya magoti ya mtu mzima, chanuo kichwani, daftari mapajani. Jioni ikiisha kwa machozi, lawama huenda kwa hesabu, au kwa nywele kuwa ngumu.

Mara nyingi kilichokosekana ni mpangilio. Mtoto anayevutwa nywele hawezi kushika tarakimu mbili kichwani, kwa sababu maumivu na hesabu vinagombania umakini uleule. Lakini kuosha nywele kuna vipindi vingi vya kusubiri tu, ambavyo kichwa kimetulia na mikono ya mtoto iko huru. Ukijua kila hatua inamdai mtoto nini, utajua pia hesabu gani inafaa pale: ya kuandika, ya mdomo, au isiwepo kabisa.

Kwa hiyo, kabla hujagusa nywele, fungua daftari. Soma maswali yote na uyagawe kwa macho: anayoyajua lakini anahitaji kuyazoea, yanayotaka karatasi na penseli, na lile somo jipya ambalo hajalielewa. Hilo la tatu lina wakati wake, nitalifikia.

Kufumua

Kama mtoto alisukwa kwa rasta, yaani nywele za bandia, usikate kwa kukisia. Papasa msuko hadi pale nywele zake zinapoishia, shuka kama sentimita 5 chini ya hapo, ndipo ukate. Kwenye shina la kila msuko utakuta kipete cha kijivu, mchanganyiko wa vumbi, mafuta ya ngozi na nyuzi za nguo. Kipete hicho kiachanishwe kwa vidole na mafuta kidogo kabla maji hayajagusa kichwa. Kikilowana kwanza, kinashikamana na nywele zilizokizunguka na kuwa fundo ambalo wengi huishia kulikata kwa mkasi, nalo huondoka na nywele nzima nzima.

Rundo la nywele linalobaki mkononi baada ya kufumua huwatisha wazazi bila sababu. Mtu hudondosha kati ya nywele 50 na 100 kwa siku. Zikiwa zimesukwa hazina pa kuangukia, zinakaa humohumo. Misuko ya wiki 2 basi ni 14 × 50 kwa uchache, au 14 × 100 kwa wingi, yaani nywele 700 hadi 1,400 zinazotoka kwa mkupuo. Mwachie mtoto apige hesabu hiyo mwenyewe. Anayejua kuzidisha kwa 100 atapata 1,400 mara moja, kisha muulize 50 ni nini cha 100. Akisema nusu, 14 × 50 imekwisha bila kalamu.

Baada ya hapo shika nywele chache za lile rundo uziangalie kwenye mwanga. Iliyodondoka yenyewe ni ndefu na ina kitone cheupe upande mmoja, hicho ndicho kiini kilichokuwa ndani ya ngozi. Iliyokatika ni fupi, haina kitone. Rundo likiwa limejaa vipande vifupi, hapo ndipo pa kuhangaika: ama misuko ilikazwa, ama nywele zilikuwa kavu muda wote, ama chanuo linatumika vibaya.

Mafuta kwanza, na somo jipya mezani

Nywele zikishafumuliwa, paka mafuta ya nazi urefu wote, zaidi kwenye ncha, uzibane na uziache nusu saa. Mafuta ya nazi ni miongoni mwa machache yanayopenya ndani ya unywele, na kazi yake hapa ni kuupunguzia kupoteza protini wakati wa kuoshwa. Usimwage mengi. Vijiko viwili vya chakula vinatosha kichwa chenye nywele za kufika mabegani. Yakizidi utalazimika kuosha kwa shampuu mara tatu kuyatoa.

Nusu saa hiyo ndiyo ya somo jipya. Mtoto akae mezani, wewe kando yake, mikono yenu yote minne ikiwa huru. Anza kwa kumwambia akuonyeshe mfano alioandikiwa na mwalimu darasani, na umfuate mwalimu huyo hata kama wewe ulifundishwa njia nyingine. Njia mbili kwa usiku mmoja humwacha mtoto akichanganya nusu ya hii na nusu ya ile, na makosa ya namna hiyo ni magumu kuyasoma kwa sababu hayafuati kanuni yoyote.

Kama somo ni sehemu, nywele zenyewe zitasaidia baada ya muda mfupi, lakini hapa mezani kuna kosa moja la kuondoa mapema. Watoto wengi huandika 1/2 + 1/3 = 2/5, wakijumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Usikimbilie kumfundisha asili ya pamoja, yaani kuzifanya namba za chini ziwe sawa. Muulize kwanza: 2/5 ni kubwa au ndogo kuliko nusu? Nusu ya 5 ni 2 na nusu, kwa hiyo 2/5 haijafika nusu. Inawezekanaje uwe na nusu, uongezewe kitu, kisha uwe na chini ya nusu? Akishaona mwenyewe kwamba jibu haliwezekani, atakuwa na hamu ya kujua kwa nini tunabadilisha zote kuwa 3/6 na 2/6 na kupata 5/6. Bila hamu hiyo, kanuni ya asili ya pamoja inaingia sikio moja na kutokea jingine.

Kufungua mafundo

Sasa nywele. Chora mstari kwa ncha ya chanuo kutoka katikati ya paji hadi kisogoni, mwingine kutoka sikio hadi sikio, upate mafungu manne. Kwa nywele fupi hayo yanatosha. Nene au ndefu, gawa kila fungu mara mbili, yawe manane, na kila moja ulibane lisiingiliane na jirani yake. Mtoto akiwa na kioo mbele yake anaona jambo ambalo daftari hulieleza kwa shida: 1/8 ni ndogo kuliko 1/4 ingawa 8 ni kubwa kuliko 4, kwa kuwa kadiri unavyogawa mafungu mengi ndivyo kila fungu linavyopungua. Ila uwe mkweli. Nywele za kisogoni huwa nene kuliko za mbele, na ukiacha fungu moja kubwa huko nyuma usimwambie kwamba kila fungu ni 1/8 ya kichwa. Sehemu zinadai mafungu yaliyo sawa. Ukilisema hilo wazi umemfundisha kitu ambacho vitabu hukipitia kwa sentensi moja.

Kwa nini nywele hizi zinahitaji utaratibu wote huu? Unywele wa kipilipili ukikatwa na kutazamwa kwa ncha si mviringo kamili, umebonyea kama yai. Unajikunja na kujipinda, na kila pindo ni mahali dhaifu. Mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa, ambayo kwenye nywele zilizonyooka huteleza hadi mwisho, hapa hukwama kwenye mikunjo, ndiyo maana shina linaweza kuwa na mafuta huku ncha zimekauka. Zaidi ya hayo, unywele uliolowa unavutika kuliko mkavu, na ukivutwa kwa nguvu haurudi ulivyokuwa. Kuchana kipilipili kikiwa kikavu ni kuvunja. Kukichana kikiwa na maji matupu ni kukivuta hadi kikatike. Kinachohitajika ni maji pamoja na utelezi.

Lowesha fungu moja kwa chupa ya kupulizia, lisiwe linatiririka ila liwe limelowa kweli. Paka kondishena, kama kijiko kimoja cha chakula kwa fungu la nywele za mabegani, ukianzia ncha. Pitisha vidole kwanza na uachanishe mafundo makubwa. Halafu chukua chanuo la meno mapana, lianze sentimita 2 au 3 kutoka mwisho wa nywele, lishuke hadi litoke bila kukwama. Panda sentimita nyingine 2 au 3, shuka tena, hivyohivyo hadi shinani. Mkono wa pili muda wote umeshika lile fungu kati ya chanuo na kichwa, ili mvuto wote uishie kwenye mkono wako, ngozi ya mtoto isisikie kitu. Hili la mkono wa pili ndilo watu husahau, na ndilo linalotofautisha mtoto anayesinzia na mtoto anayelia.

Sikiliza pia. Chanuo linalopita vizuri lina sauti ndogo ya kuteleza. Ukisikia mkwaruzo wa kupasuka, simama, kwa sababu hizo ni nywele zinakatika. Fundo lisilotii liongezee mafuta, kisha vuta nywele chache chache kutoka pembeni mwake badala ya kulibomoa kwa meno ya chanuo. Vile vifundo vidogo vya unywele mmoja uliojifunga wenyewe havifunguki. Kata juu yake kidogo kwa mkasi mkali na uendelee. Fungu likiisha, lisokote liwe twisti moja kubwa na ulibane.

Hesabu ya hapa iwe ya mdomo, na iwe ya mambo anayoyajua. Tebo zinafaa. Swali liulizwe wakati chanuo halipo kichwani: unapopaka kondishena, unapobana fungu. Ukiuliza chanuo likiwa linapita, hata 4 × 5 itamshinda, na atajiona mjinga kwa kosa lako. Baada ya kuuliza, kaa kimya kiasi cha kuhesabu hadi tano. Wengi wetu hujibu wenyewe kabla mtoto hajafika.

Inafaa kumwonyesha mtoto kwamba mzigo wa tebo si mkubwa anavyodhani. Jedwali la 1 hadi 10 lina majibu 100. Lakini 3 × 7 na 7 × 3 ni kitu kimoja, kwa hiyo yanabaki 55. Toa yote yenye 1, 2, 5 na 10, ambayo karibu kila mtoto anayajua, yanabaki 21. Za 9 zina njia yake: zidisha kwa 10, kisha utoe ile namba mara moja, kama 9 × 7 ni 70 toa 7, yaani 63. Ukiondoa na hizo, yanabaki 15 tu ya kukariri: 3 × 3, 3 × 4, 3 × 6, 3 × 7, 3 × 8, 4 × 4, 4 × 6, 4 × 7, 4 × 8, 6 × 6, 6 × 7, 6 × 8, 7 × 7, 7 × 8 na 8 × 8. Mafungu manane ya nywele, maswali mawili kwa kila fungu, na yote 15 yamepitiwa kabla ya kwenda bafuni.

Akikosea, usiseme hapana na kuendelea. Jibu lisilo sahihi lina habari ndani yake. Anayesema 6 × 7 ni 36 amekamata 6 × 6, amepungukiwa na 6 moja tu. Mwambie aongeze 6. Anayesema 6 × 7 ni 13 amejumlisha, na huyo hana shida ya tebo, hakusikia alama. Anayesema 41 alikuwa anahesabu kwa vidole akakosa kimoja.

Shampuu, na hesabu zipumzike

Kichwa kikiwa chini ya bomba, macho yamefumbwa na maji yanaingia masikioni, hakuna swali litakalojibiwa. Acha.

Kipimo cha shampuu ndicho kifanyike kabla, na mtoto ndiye apime. Napendelea kuizimua, fungu 1 la shampuu kwa mafungu 3 ya maji, kwa sababu inafika kwenye ngozi kirahisi na inasuuzika haraka. Chupa ya mililita 200 itachukua ngapi ya shampuu? Jibu linalotoka haraka ni theluthi, kwa kuwa 3 imetajwa. Lakini 1 na 3 ni mafungu 4 kwa jumla, hivyo shampuu ni robo: mililita 50, na maji 150. Kosa hilo la uwiano linawafuata watu hadi utu uzima. Tengeneza ya siku hiyo tu. Maji huzimua pia dawa inayoizuia shampuu isiharibike, na ikikaa siku kadhaa vijidudu huanza kuota humo.

Tumia maji ya uvuguvugu. Twisti kubwa zibaki zimefungwa. Mimina shampuu kwenye mistari ya ngozi na usugue kwa nyama ya vidole, kucha zisiguse. Povu lenyewe litashuka kuosha urefu wa nywele wakati wa kusuuza, hakuna haja ya kuzikusanya zote utosini na kuzifikicha kama nguo. Ukifanya hivyo mafundo yote uliyoyafungua yatarudi. Kama mafuta yalikuwa mengi, rudia mara ya pili. Suuza hadi ngozi isiteleze tena.

Sabuni ya kipande iache. Ina pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 9 hadi 10, ilhali ngozi ya kichwa inakaa karibu na 5. Magamba madogo yanayofunika unywele huinuka kwenye hali hiyo, nywele zikakwaruzana na kushikana, na kwenye maji magumu sabuni huacha utando mweupe usiotoka. Magadi ya kuokea, ambayo watu huyasifu kwa kuondoa uchafu, yana kasoro hiyohiyo. Kama mtoto ni mkubwa kidogo, hapa kuna hesabu nzuri ya kumwachia baadaye: kila hatua moja ya pH ni mara 10, kwa hiyo kutoka 5 hadi 9 si mara 4, ni 10 × 10 × 10 × 10, yaani mara 10,000.

Wakati nywele zimegawanyika hivyo, ngozi inaonekana vizuri, kwa hiyo ikague. Unga mweupe uliotapakaa ni mba, na kuosha kwa utaratibu husaidia. Duara lenye magamba ambapo nywele zimekatikia kwenye ngozi, mara nyingine zikiacha vidoti vyeusi, huenda ni mapunye, na hayo ni ya kupelekwa hospitali. Fangasi wake huingia ndani ya unywele wenyewe, mahali ambapo dawa ya kupaka haifiki, ndiyo maana hutibiwa kwa dawa ya kumeza. Machanuo, kofia na mito visichangiwe hadi apone.

Dakika ishirini za kofia ya plastiki

Kamua maji, paka kondishena fungu kwa fungu kuanzia katikati ya nywele kushuka hadi ncha, mvike kofia ya plastiki, mfunike taulo mabegani, mrudishe mezani. Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Kukaa nayo saa nzima hakuongezi kitu cha maana. Huu ndio muda bora wa jioni nzima kwa hesabu za kuandika. Penseli ashike yeye, na mkono wako ukae mbali na karatasi.

Kutoa kwa kukopa ndiko kunakoangusha wengi, hasa kukiwa na sifuri katikati. Chukua 503 − 178. Jibu la makosa linalotokea zaidi ni 475, na halitokei kwa bahati mbaya: mtoto ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa kila safu bila kujali ipi iko juu. 8 toa 3 ni 5, 7 toa 0 ni 7, 5 toa 1 ni 4. Kabla ya kumsahihisha, mwambie akadirie: 500 toa 180 ni kama 320. 475 imetoka wapi?

Kisha muoneshe kwamba 503 haina makumi ya kukopesha, kwa hiyo mkopo unatoka kwenye mamia. Mia moja inavunjwa kuwa makumi 10, na kumi moja kati ya hayo inavunjwa kuwa mamoja 10. Sasa 503 imekuwa mamia 4, makumi 9 na mamoja 13. Hakuna kilichoongezwa wala kupotea, 400 + 90 + 13 bado ni 503, na hilo alijumlishe mwenyewe aamini. 13 toa 8 ni 5, 9 toa 7 ni 2, 4 toa 1 ni 3. Jibu 325. Uhakiki: 325 + 178 = 503. Kama safu zake zinayumba, geuza karatasi ya mistari ilale ubavu; mistari inakuwa safu wima, na makosa ya kupanga yanapungua palepale.

Kugawanya kuna mtego wa sifuri pia. 612 ÷ 6 huandikwa 12, kwa sababu mtoto akifika kwenye 1 anaona haigawanyiki kwa 6 na kuiruka bila kuandika 0. Jibu ni 102. Azidishe 12 kwa 6, apate 72, aone mwenyewe umbali uliopo hadi 612.

Na MAGAZIJUTO, yaani mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, ni kumbukumbu nzuri yenye kasoro moja. Ukiifuata herufi kwa herufi, 20 − 8 + 5 inakuwa 20 toa 13, yaani 7. Jibu sahihi ni 17. Jumlisha na toa zina cheo kimoja, gawanya na zidisha vilevile zina cheo kimoja. Zikiwa pamoja anza kushoto uende kulia.

Kukausha, kupaka, kusokota

Suuza kondishena, kamua nywele kwa fulana ya pamba iliyozeeka badala ya kufikicha kwa taulo, ambalo vinyweleo vyake hushika mikunjo na kuisambaratisha. Nywele zikiwa bado na unyevu, paka krimu ya kuachwa kichwani, kijiko kimoja cha chai kwa kila fungu, halafu matone machache ya mafuta juu yake. Mpangilio huo una sababu. Mafuta hayaleti unyevu, yanauzuia usitoke haraka. Ukiyapaka kwenye nywele kavu utakuwa umezifungia ukavu wake ndani.

Kutoka hapo linatoka fumbo la hesabu ninalolipenda kuliko yote ya jioni hii. Kijiko cha chai ni mililita 5, mafungu ni 8, kila kuosha kunakula mililita 40. Kopo la mililita 250 litatosha mara ngapi? 250 ÷ 40 ni 6 baki 10. Mara 6, na ile 10 iliyobaki haitoshi kichwa kizima, kwa hiyo baki linaachwa. Sasa geuza: kwa kuosha mara 10 unahitaji makopo mangapi? 40 × 10 ni 400, na 400 ÷ 250 ni 1 baki 150. Hapa huwezi kuliacha baki, kopo moja halitoshi, jibu ni 2. Kugawanya ni kulekule, lakini mara ya kwanza baki linatupwa na mara ya pili linaongeza moja. Mashine ya kuhesabia haitamwambia mtoto afanye lipi. Ni lazima arudi kwenye swali asome linauliza nini, na ndiyo sababu mafumbo huwashinda hata watoto wepesi wa tebo.

Kama shule imefika kwenye asilimia, chukua rula. Vuta unywele unyooke, pima. Uachie ujikunje, pima tena. Tuseme ni sentimita 24 na 9. Zimepungua 15. Asilimia ya kupungua ni 15 juu ya 24, siyo juu ya 9, kwa kuwa tunalinganisha na urefu wa mwanzo: 15/24 ni 5/8, yaani asilimia 62.5. Kujikunja kwa kiasi hicho ni kawaida kabisa kwa kipilipili, na ndiko kunakowafanya wengi waseme nywele zao hazikui wakati zinaongezeka karibu sentimita 1 kwa mwezi.

Kwa kukausha, kama kuna haraka, mashine ya upepo itumike nywele zikiwa na unyevu kidogo tu, joto la kati, umbali wa shibiri moja, na isikae sehemu moja. Joto kali kwenye nywele zilizoloa hugeuza maji yaliyo ndani ya unywele kuwa mvuke, mvuke huacha viputo, na unywele hukatikia hapo. Misuko ya kubana kichwani isifungwe nywele zikiwa mbichi. Ndani hazikauki haraka na zinaanza kunuka. Twisti zilizolegea hazina shida hiyo.

Sokota bila kukaza. Vipele vidogo kwenye mstari wa nywele, mtoto kushindwa kuinua nyusi, au kulala akilalamika kichwa kinauma, vyote vina maana moja: fumua ulegeze usiku uohuo. Nywele za mapanjani ndizo huondoka kwanza. Zikivutwa mwaka baada ya mwaka, mashina hufa na hazioti tena, lakini mapema bado zinarudi. Akilala, kichwa kifungwe skafu ya satini au mto uvikwe foronya ya satini, maana pamba hunyonya mafuta na kukwaruza.

Twisti za mwisho haziumi, na mtoto kwa kawaida amechangamka kwa kuwa anaona mwisho. Hapo mwombe achague swali moja kati ya aliyoandika na akueleze alivyolifanya, bila kutazama daftari. Akilieleza hadi mwisho, funga daftari. Akikwama, usimwandikie jibu. Aweke alama ya kuuliza pembeni ya swali, mwalimu ajue ni wapi pa kuanzia.